Kofia na Mkanda

Dunmore, Ohio, 1884

Aprili 3
Delia kaninunulia daftari hili. "Mtu mzima wa miaka thelathini na moja," anasema, "unaandika jina lako kama unakimbizwa na mbwa. Andika kila siku, mkono utatulia." Haya, mke wangu, naandika. Mimi ni Dennis Tierney, mdakaji wa timu ya besiboli ya Dunmore. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya mpigaji na kudaka kwa mikono mitupu kila anachorusha Orrin Pease, mrushaji wetu. Kabla ya mchezo huu nilikuwa kwenye kiwanda cha chuma, nikimimina chuma cha moto kwenye kalibu, kazi iliyommaliza baba yangu mapafu. Nina vidole kumi. Saba vimenyooka.

Mvua. Uwanja bado una tope la mafuriko ya Februari.

Aprili 5
Tumetia saini kwa Bwana Kessler, mwenye kiwanda cha bia na mwenye timu. Mkataba ni wa jozi, kama ilivyo desturi yetu: mrushaji na mdakaji wake wanaajiriwa pamoja, kwani waliozoeana hawapatikani sokoni. Kessler alitusomea kwa sauti. Klabu nyingine ikimtaka mmoja wetu, imchukue na mwenzake, la sivyo iwaache wote wawili. Jozi itavunjika tu iwapo mmoja atashindwa kucheza kwa kosa lake mwenyewe.

Orrin akanikanyaga mguu chini ya meza. "Umesikia, mzee? Tumeoana."

"Mahari yangu iko wapi?" nikamuuliza.

"Mahari gani, na mikono hiyo? Shukuru umepata mume."

Hata Kessler alicheka, na Kessler huwa hacheki bure.

Orrin ana miaka ishirini na miwili. Miaka mitatu iliyopita nilimkuta kwenye shamba la baba yake akirusha matufaha mabovu kwenye ukuta wa ghala, na matufaha yakipinda kona hewani kabla ya kufika. Nilisimama pale mpaka baba yake akadhani nimekuja kununua ng'ombe. Nikamleta mjini, nikamfundisha, na tangu hapo analala chumba chetu cha nyuma. Delia hakujaliwa mtoto na hana mdogo wake hapa, kwa hiyo anamgombeza yeye.

Kuna Bwana Loomis, wakala wa klabu moja kubwa ya mashariki, anayezunguka mwaka huu kutafuta wachezaji. Akituchukua, sirudi kiwandani tena maisha yangu. Asipotuchukua mwaka huu hatatuchukua. Mikono yangu ina misimu miwili iliyobaki, na hiyo ni kama nikiihesabu kwa ukarimu.

Aprili 19
Mazoezi ya kwanza. Ishara zetu ni zilezile. Orrin akigusa ukingo wa kofia, unakuja mpira wa kupinda, wa polepole, unaokimbilia kushoto kwangu. Akigusa mkanda wa suruali, unakuja ulionyooka, wa moto, kifuani. Yeye ndiye anayetoa ishara, mimi natii. Mikono yangu lazima ijue kabla ya macho. Nikiutegea mmoja ukaja mwingine, nimekwisha.

Mei 1
Tumeifunga timu ya Ashby kumi na mbili kwa nne. Orrin alirusha vizuri mno. Nimekula viazi saba.

Mei 8
Mvua.

Mei 9
Mvua. Orrin na Delia wamebishana kutwa kama kabichi inachemshwa na nyama au kando yake.

Mei 22
Watu wanadhani kazi ya mdakaji inaisha mchezo ukiisha. Inaanza hapo. Kila baada ya mchezo Orrin huchemsha siki na chumvi kwenye bakuli la bluu la Delia, akaitumbukiza mikono yangu, akakanda kidole kimoja kimoja. Simwombi. Alianza mwenyewe mwaka wa kwanza, siku alipoona nimeshindwa kushika uma.

"Hiki kinakulalamikia," aliniambia leo, akishika kidole cha pete cha kulia.

"Kiache kilalamike. Nacho kina mke, kama mimi."

"Nimekusikia!" Delia akaita kutoka jikoni.

Nawajua wadakaji wengi wenye warushaji wazuri. Simjui hata mmoja ambaye mrushaji wake humwosha mikono.

Juni 14
Kidole kilekile kimechomoka kwenye kiungo, zamu ya tano. Orrin alikuja mbio, akakivuta, kikarudi, tukaendelea na tukashinda. Jioni alikigeuzageuza kwenye siki kwa muda mrefu. "Sikiliza, Denni. Hiki ndicho kibovu chako. Mpira wa moto ukikipata hiki kikiwa wazi, umekwenda."

Nikamwambia basi asinirushie mpira wa moto kikiwa wazi. Akacheka, akaapa kwa kaburi la mama yake.

Juni 21
Delia kanishonea glavu za ngozi, vidole vimekatwa, kiganjani kaweka kitambaa kizito. Wako wadakaji wengine wanaovaa siku hizi. Nimezivaa leo kule Ashby na watu wa kule hawakuniacha nipumue. "Bibi harusi huyo! Bwana harusi yuko wapi?" Mmoja alinirushia shada la majani. Kinyago cha waya usoni wanakivumilia, ila mkono uliofunikwa wanauona ni woga. Niseme kweli, na mimi nilikuwa naona hivyohivyo mpaka juzi.

Orrin aliwageukia akavua kofia. "Bwana harusi ni mimi! Na nyie mna wivu!" Halafu kwangu, taratibu: "Waache. Mikono ni yako, si yao."

Nimeliandika neno hilo kwa sababu nimelipenda.

Julai 4
Sikukuu. Watu elfu mbili, bendera, bendi. Ashby wametufunga tisa kwa mbili.

Kuna jambo. Tuttle wao, yule mpigaji mnene mwenye masharubu mekundu, anaupiga mpira wa kupinda wa Orrin kana kwamba aliagiza uletwe. Anausubiri. Mtu hausubiri mpira ule isipokuwa ameambiwa. Njiani nilimwambia Orrin wametuibia ishara, tuzibadilishe: mkanda uwe wa kupinda, kofia iwe ya moto.

"Nikianza kufikiria ishara nitasahau kurusha," akasema. "Tuttle alibahatika."

"Mara nne?"

"Watu wengine hubahatika mara nne, mzee. Nitazame mimi, nilivyobahatika kukupata wewe."

Mdomo wake una asali. Basi nikaacha.

Julai 19
Loomis amekuja! Koti jeupe, kijiti cha meno mdomoni. Tulishinda mbele yake na sikuangusha mpira hata mmoja. Baadaye alisimama na Orrin penye uzio saa nzima. Mimi nilipewa mkono na "hongera" moja.

"Mlizungumza nini?" nilimuuliza Orrin.

"Hali ya hewa."

"Saa nzima?"

"Ya kwao ni ndefu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Anataka kunishtukiza na habari njema, namjua.

Julai 24
Joto. Mto umekauka mpaka magogo yanaonekana.

Julai 27
Joto. Orrin hali vizuri. Kamnunulia Delia birika jipya bila sababu.

Agosti 2
Delia anasema Orrin anamkwepa macho. Nimemwambia ni msichana, kijana wa umri ule akinyamaza ni msichana. Delia akasema: "Mwenye msichana huchana nywele." Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa mkali kuliko ilivyostahili.

Agosti 6
Tumeshindwa. Orrin hakunikanda mikono. Alisema amechoka. Nilichemsha siki mwenyewe, na mkono mmoja hauwezi kumkanda mwenzake vizuri.

Agosti 13
Kesho Ashby, hapa kwetu, na Loomis atakuwepo. Orrin kaja chumbani wakati napaka mafuta glavu zangu.

"Utazivaa kesho?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Denni, mashariki hawachukui mdakaji wa glavu. Loomis ni mtu wa zamani. Akikuona nazo atasema huyu mikono imekwisha. Kesho tu. Mchezo mmoja. Halafu vaa hata za manyoya."

Nilimkumbusha alivyoniambia Juni, kwamba mikono ni yangu. Akasema ndiyo, lakini kesho ni ya wote wawili.

Ana haki. Nimezitia sandukuni.

Agosti 14
Huu ni mwandiko wa Delia. Dennis anasema, mimi naandika, na pale anapotukana naruka.

Zamu ya saba. Tuttle alikuwa na gongo la kupigia, ameomba mpira wa chini kama kawaida yake, maana mpigaji ana haki ya kuchagua, na amekwisha kosa mara mbili. Ya tatu lazima niidake ndipo atoke, kwa hiyo nilisogea karibu kabisa nyuma yake. Jua lilikuwa linanipiga usoni kupitia waya wa kinyago. Orrin aligusa kofia. Nina hakika aligusa kofia. Au nilidhani nina hakika. Nikauweka mwili kushoto, mkono wa kulia ukabaki nyuma, vidole wazi, ukingoja mpira wa polepole. Ukaja wa moto, umenyooka. Sikuuona, niliusikia. Kidole cha pete kilipasuka na mfupa ukatoka nje, cha kati kimevunjika mara mbili, na gumba limegeuka lisikostahili. Mjinga Tuttle alipiga gongo mpira ukiwa umeshafika kwangu, kama mtu anayefukuza nzi wa jana. Hilo nalikumbuka kuliko maumivu.

Orrin alifika wa kwanza, akapiga magoti, akalia mbele ya watu wote. "Niligusa mkanda, Denni! Mkanda! Kwa nini ulikwenda kushoto?"

Basi ni mimi. Jua lile. Miaka mitatu sijawahi kuisoma vibaya ishara yake, na siku ya kukosea nimeichagua mwenyewe.

Daktari kakata kidole cha pete penye kiungo cha pili. Viwili vilivyobaki vitaunga lakini havitakunjika.

(Mimi Delia naongeza langu. Orrin amekaa nje ya mlango tangu alasiri na nimemwambia aingie mara tatu. Haingii.)

Agosti 16
Delia anaandika bado.

Kessler katuita ofisini. Yuko wima nyuma ya meza, mtu wa haki kwa namna yake. "Nataka neno moja tu. Mrushaji alibadili mpira bila kumwambia mwenzake, au mdakaji aliisoma ishara vibaya? Pease akiwa na kosa, namsimamisha mpaka mwakani. Tierney akiwa na kosa, jozi imevunjika na klabu haina la kufanya."

Orrin alisimama dirishani. Hakusema neno. Uso wake ulikuwa mweupe mpaka nikaogopa ataanguka. Nikafikiri: kijana wa watu, anaona aibu kunisema. Akisimamishwa sasa, Loomis atamsahau. Mimi nimekwisha vyovyote vile. Ya nini tuzame wawili?

"Kosa langu," nikasema. "Jua liliniingia machoni."

"Una hakika?"

"Bwana Kessler, nimesema."

Alinipa karatasi nikatia saini kwa mkono wa kushoto, saini ya mbwa kweli. Tulipotoka Orrin alinikumbatia kwa nguvu. Nilimpiga mgongoni nikamwambia asijali, mambo haya yapo.

Agosti 27
Mkono wa kushoto wangu. Herufi mbaya. Orrin kaenda leo, treni ya saa tano asubuhi. Klabu ya mashariki. Peke yake, jozi ikiwa imevunjika. Nilimfariji. MIMI nilimfariji yeye! Nilimwambia: "Warushie wale kofia, uwaue kwa mkanda." Akaniangalia kama nimempiga kofi.

Septemba 1
Nimerudi kiwandani. Nachekecha mchanga wa kalibu. Kazi ya wazee.

Septemba 9
Orrin hajaandika.

Septemba 15
Gazeti linasema ameshinda mara tatu huko. Nilikata kipande nikakibandika juu ya jiko. Delia kakitazama, kaenda kumenya viazi.

Septemba 20
Nitaandika hata kama itachukua usiku na mchana, mkono huu wa kushoto umejifunza.

Ashby walikuja kwa mchezo wa mwisho wa msimu. Nilikwenda mapema nikakaa kwenye mabenchi matupu. Tuttle akanijia, akavua kofia, akakaa. Anauza majiko ya chuma siku hizi, anasema mpira humaliza magoti. Akautazama mkono wangu bila kificho, nikampenda kwa hilo.

"Tierney, nataka kukuungamia dhambi. Msimu unakwisha leo, haina madhara. Tulikuwa na ishara zenu tangu Mei."

"Nilijua! Nilimwambia Orrin, Julai nne, nilimwambia!"

"Kofia ya kupinda, mkanda wa moto. Bibi mmoja wa kwetu alikuwa anakaa nyuma ya kituo cha tatu, akifungua mwavuli kwa kofia, akiufunga kwa mkanda. Lakini mimi nilikuwa simwangalii hata bibi. Nilikuwa namwangalia Pease mwenyewe." Akacheka, halafu akaacha. "Ndiyo maana nikataka kukuuliza. Siku ile yako, mlikuwa mmezibadilisha?"

"Hatukubadilisha kitu."

"Haiwezekani."

"Nakwambia hatukubadilisha."

"Basi sielewi. Mimi nilimwona akigusa kofia. Nilimwona kama ninavyokuona wewe, mpigaji husimama kiubavu, na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nikaungoja wa polepole kama mgonjwa anavyongoja uji, na ule wa moto ukanipita. Gongo langu lilichelewa mpaka wenzangu wakanicheka njia nzima. Nikawaambia, wajanja wale wamegeuza ishara."

Nikamkumbuka akifukuza nzi wa jana. Liko hapa, ukurasa wa Agosti 14, kwa mwandiko wa mke wangu. Mtu anayeujua mpira wa moto unakuja hachelewi hivyo. Alichelewa kwa sababu aliona nilichokiona mimi. Tulikuwa wawili, na wawili hatuwezi kupigwa na jua moja, mmoja akilitazama na mwingine akiwa amelipa mgongo.

Tuttle akaendelea kusema kitu juu ya majiko. Kisha akanitazama usoni. Alikuwa ameelewa na yeye. "Ah, ndugu yangu," akasema. "Ah, pole. Ningefunga mdomo wangu."

"Hapana," nikasema. "Umefanya vema."

Sikungoja mchezo. Nilirudi kwa mguu. Njiani nilikuwa nayapanga mambo moja moja: uzio na Loomis, birika, siku aliyosema amechoka, glavu sandukuni. Kidole. Nilirudi kwenye kidole kila mara. Mtu mwingine angeweza kuniumiza kwa bahati mbaya popote. Huyu alinikanda miaka mitatu. Alijua kipi kibovu kuliko alivyojua mke wangu, maana mimi mwenyewe nilimpa mkono aushike.

Nilikibandua kile kipande cha gazeti. Delia aliniona. Akaketi kabla sijasema neno.

Septemba 21
Jumapili. Sikwenda kanisani. Ningemwambia Mungu nini, kwamba nilitia saini mwenyewe?

Septemba 23
Delia karusha birika lile mtoni. Nilimwambia lilikuwa birika zuri. Akasema: "Kikulacho ki nguoni mwako, Dennis, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia nguo."

Anajilaumu kwa kuona na kunyamaza. Nimemkumbusha kwamba alisema, na mimi nikamwambia anyamaze. Hilo nalo nimelimeza.

Septemba 30
Kwa Kessler. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi yangu kwenye droo ya meza. "Shahidi wako ni mtu aliyekuwa anaiba ishara," akasema, "na hii hapa ni saini yako." Hakusema kwa ubaya. Halafu akaniambia klabu ya mashariki inapita hapa Oktoba 9 kwa mchezo wa maonyesho, na kama napenda nisimame mstarini penye kituo cha tatu, kuwaongoza wakimbiaji wetu. Alifikiri ananifanyia hisani.

Nimesema nitasimama.

Oktoba 8
Mawingu. Delia kaniuliza nitafanya nini kesho. Sijui. Mkono unaniuma pale ambapo hakuna kidole.

Oktoba 9
Baridi, anga safi. Uwanja ulijaa, kwa sababu kijana wetu amerudi akiwa mtu mkubwa. Walimpa shada la maua na bendi ikapiga. Alipopokea maua aliniona mstarini. Alipunga mkono. Sikupunga.

Mpigaji wetu wa kwanza akasimama. Orrin akagusa kofia.

Hakubadili hata mjini kwa wakubwa! Zilezile, za shamba la baba yake, nilizompa mimi.

Nilikuwa na njia nyingi. Mtu wa mstari ana ruhusa ya kupiga kelele. Ningeweza kumpigia mpigaji kelele "kupinda!" kila mara, na vijana wetu wangemchana vipande mbele ya Loomis aliyekuwa jukwaani na kijiti chake. Nilikuja nimejiandaa kwa hilo, sitadanganya.

Badala yake niliinua mkono wa kulia, huu wa vidole vinne, nikagusa ukingo wa kofia yangu. Basi. Sikufungua mdomo.

Aliniona. Mpira ulikwenda ovyo, mdakaji wake akaukimbilia mpaka kwenye uzio.

Akagusa mkanda. Nikagusa mkanda. Akagusa kofia. Nikagusa kofia. Vijana wetu hawakuelewa kitu, walidhani natania rafiki yangu. Watu wakaanza kucheka: "Tierney anamwigiza!" Alinielewa mmoja tu. Zamu ya tatu aliacha kabisa kugusa kofia, akarusha wa moto peke yake, na vijana wetu wakauzoea wakautandika. Zamu ya tano nahodha wake alimtoa, akamwambia mwamuzi kaumia bega, maana mchezaji hatolewi ila ameumia. Mwamuzi akakubali, bila kumtazama mtu.

Nilimkuta nyuma ya banda la kubadilishia nguo, amekaa juu ya kreti ya bia, maua yake chini.

"Tuttle?" akauliza.

"Tuttle alikuona. Yeye naye aliungoja wa kupinda."

Akainamisha kichwa. Hakukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo, na kwa sababu haukuja nilikosa pa kushika.

"Loomis alinitaka mimi tu," akasema. "Wana mdakaji wao. Akasema mkataba wenu ni wa jozi, ukiweza kuutatua kabla ya Septemba njoo, ukishindwa namchukua mwingine. Nilitaka uumie kidogo, Denni. Wiki mbili, tatu. Naapa sikutaka..."

"Usiape. Uliapa kwa kaburi la mama yako mwezi wa Juni."

Akayasogeza maua kwa mguu.

"Orrin. Ungeniambia. Ungekuja jikoni ukasema, Denni, wananitaka peke yangu. Ningekwenda kwa Kessler siku hiyohiyo. Ningemwambia mikono imekwisha. Ningetia saini ileile, na vidole vyangu ningebaki navyo."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua ungekubali. Ungekubali na ungenifungia chakula cha safari, na Delia angelia. Halafu maisha yangu yote ningekuwa mtu uliyemwachia nafasi yako. Nisingeweza kulibeba hilo, mzee. Kukuomba ndiko nilikoshindwa."

Akanyoosha mkono kuushika wangu, ule mbovu, kama alivyozoea, kutaka kuutazama. Mwili una upumbavu wake: mkono ulianza kwenda. Nikaurudisha mfukoni.

"Wanakungoja kwenye treni," nikamwambia.

Oktoba 12
Kiwandani. Wamenihamisha kwenye tanuru, napiga mvukuto kwa mguu. Mikono haihitajiki sana.

Oktoba 15
Barua kutoka kwake. Delia kaitia motoni bila kuifungua, akanitazama kama nitasema kitu. Nikaongeza kuni.

Oktoba 19
Jumapili. Leo nilikwenda kanisani. Jioni Delia alishusha bakuli la bluu, akachemsha siki na chumvi, akaketi mbele yangu. Hajui kukanda. Anavuta pasipostahili na anasahau gumba. Nilimwelekeza.

Alikuwa ameinama juu ya mkono, haniangalii, akaniuliza: "Dennis, ulivyomwambia, kwamba ungemwachia. Ni kweli, au ulitaka tu kumchoma?"

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri mpaka siki ikapoa. Nilitafuta kila pembe ya moyo wangu nione kama kuna mahali ningemkatalia, hata pawe padogo kiasi gani, ili nipate kumwelewa.

Sikupaona. Ningemwachia.